Nani Anahesabiwa Nyumbani? Historia ya Udhamini wa Familia katika Uhamiaji wa Marekani

Yeyote aliyewahi kuhangaika kumwita mwenzi, mtoto au mzazi wake aende kuishi naye Marekani anaifahamu Fomu I-864. Ni hati ambayo kwayo raia au mkaazi wa kudumu wa nchi ile hujifunga kisheria kwamba atamkimu jamaa anayemwita, na kwamba jamaa huyo hatakuwa mzigo kwa hazina ya umma. Sehemu yake inayowatatiza watu mno ni fupi. Humtaka mdhamini aandike idadi ya watu wa kaya yake. Idadi hiyo ndiyo huamua kiwango cha kipato anachopaswa kuwa nacho. Akizidi mtu mmoja, kiwango hupanda kwa maelfu ya dola, na familia iliyokwisha kusubiri miaka mitatu inaweza kusubiri wa nne.

Watu wengi huliona jambo hili kuwa la makarani na mawakili. Ninakusudia kuonyesha kwamba ni jambo la historia na la siasa. Serikali inapoamua ni nani ahesabiwe ndani ya nyumba na nani aachwe nje, huwa imekwisha kuamua familia ni kitu gani, na gharama ya kuwa na familia itabebwa na nani. Uamuzi huo haukufanywa siku moja. Ulijengwa kwa karne mbili, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina sababu zake.

Kutoka kwa nahodha hadi kwa jamaa

Mizizi ya jambo hili imo katika sheria za maskini za Uingereza. Sheria ya mwaka 1601 iliitwisha kila parokia jukumu la kuwatunza maskini wake, na ile ya 1662 ikaipa uwezo wa kumrudisha alikotoka mgeni aliyeelekea kuwa mzigo. Jukumu la kutunza lilizaa haja ya kubagua: ikiwa lazima niwalishe maskini wangu, basi lazima kwanza nijue wangu ni akina nani. Walowezi waliovuka Bahari ya Atlantiki walikwenda na fikra hiyo makoloni.

Baada ya uhuru wa Marekani, kazi ya kuwazuia wageni maskini ilibaki mikononi mwa majimbo. Mwaka 1824 jimbo la New York lilitunga sheria iliyowataka manahodha wa meli watoe orodha ya abiria wao na kuwawekea dhamana wale walioonekana kwamba wangeweza kulielemea jiji. Tuangalie aliyebeba mzigo wakati huo. Mdhamini alikuwa mwenye chombo, aliyekwisha kupokea nauli na kujipatia faida kwa safari ya mgeni. Ndugu wa mgeni, kama alikuwa naye, hakuulizwa chochote. Jimbo la Massachusetts lilikwenda mbali zaidi: katika miaka ya 1840 na 1850, baada ya njaa kuu ya Ireland, maofisa wake waliwarudisha ng'ambo baadhi ya Waairishi maskini waliokwisha kutua.

Katikati ya miaka ya 1870 Mahakama ya Juu ilizibatilisha sheria za namna hiyo, kwa hoja kwamba uhamiaji ulikuwa suala la biashara na nchi za nje, na hivyo ulikuwa chini ya mamlaka ya Kongresi. Majimbo yalipokosa fedha walizokuwa wakitoza wenye meli, yaliisukuma serikali kuu ichukue nafasi yao. Matokeo yake yalikuwa Sheria ya Uhamiaji ya Agosti 1882, iliyotoza senti 50 kwa kila mgeni na kuzuia kuingia kwa mtu asiyeweza kujitunza bila kuwa mzigo kwa umma. Maneno hayo, mzigo kwa umma, yamedumu ndani ya sheria za Marekani hadi leo. Sheria haikueleza maana yake kwa ukamilifu, na uhaba huo wa maelezo ndio uliowapa maofisa nguvu kubwa. Mwaka 1891 Kongresi iliongeza pia marufuku dhidi ya watu wenye ndoa za mitala. Kwa hiyo, tangu karne ya 19, umbo la familia na uwezo wa mfuko vilikwisha kuwekwa mlango mmoja.

Nguvu hiyo ilikuwa na mipaka michache. Mwaka 1915, katika shauri la Warusi waliokuwa wakielekea Portland, Oregon, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ofisa hawezi kumzuia mgeni kwa sababu tu soko la kazi la mji anaokwenda limejaa watu. Mgeni apimwe kwa hali yake mwenyewe. Hukumu hiyo ilikuwa ya busara, lakini ilifungua swali jingine: hali yake mwenyewe ni ipi, ikiwa ana jamaa walio tayari kumpokea?

Hati zilizoamua uhai

Swali hilo lilijibiwa katika mazingira ya kutisha. Septemba 1930, mdororo wa uchumi ulipokuwa umeanza kuuma, serikali ya Rais Herbert Hoover iliwaagiza mabalozi wadogo waitumie kwa ukali ile ibara ya mzigo kwa umma. Mwombaji wa viza asiye na mali sasa alihitaji mtu ndani ya Marekani wa kumtolea hati ya kuahidi kumsaidia, pamoja na vithibitisho vya mshahara, akiba na kodi.

Miaka mitatu baadaye Adolf Hitler alitwaa madaraka Ujerumani. Wayahudi waliotaka kukimbia walikuta kwamba mlango wa Marekani ulikuwa na makufuli mawili. La kwanza lilikuwa mgao wa viza kwa taifa. La pili lilikuwa hati ya udhamini. Kwa sehemu kubwa ya muongo ule, hata nafasi chache zilizotengewa Ujerumani hazikujazwa. Waliokuwa na mjomba mwenye duka Chicago walikuwa na matumaini. Wasiokuwa na mtu walitafuta vitabu vya namba za simu vya miji ya Marekani na kuwaandikia watu wasiowajua kabisa, ambao walishabihiana nao jina la ukoo tu, wakiwasihi wakubali kuwa jamaa.

Jambo hili lastahili kutafakariwa. Serikali ilikwisha kuugeuza undugu kuwa aina ya mtaji: mwenye ndugu mwenye fedha aliokoka, na asiye naye alibaki. Zaidi ya hayo, ndugu wa mbali hakuaminiwa kama ndugu wa karibu. Balozi mdogo aliyesoma hati ya binamu wa daraja la tatu aliweza kusema kwamba binamu huyo, wakati wa shida ukifika, hatakuwa na sababu ya kutimiza ahadi. Hapo ndipo tunapouona waziwazi mwanzo wa hesabu ya leo: kipato cha mdhamini, idadi ya wanaomtegemea, na ukaribu wake na mwombaji.

Ahadi isiyo na meno

Pamoja na ukali wote huo, hati yenyewe haikuwa na nguvu mahakamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mahakama za majimbo, zikiwemo za New York na Michigan, ziliamua kwamba ahadi ya mdhamini ilikuwa ya kimaadili tu. Serikali haikuweza kumdai gharama za mgeni aliyelazwa hospitali ya umma. Mdhamini aliapa, mgeni akaingia, na kiapo kikaishia kabatini.

Sheria ya Oktoba 1965, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson, iliongeza uzito wa suala hili. Ilifuta migao ya zamani iliyowapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi, na badala yake ikaifanya familia kuwa njia kuu ya kuingia Marekani. Waliotunga sheria hiyo walidhani kwamba familia zitakazounganishwa zitakuwa za Wazungu, kwa kuwa wao ndio waliokuwa tayari na jamaa nchini. Historia haikuwasikiliza. Katika miongo iliyofuata, walioitumia njia ya familia kwa wingi walitoka Mexico, Ufilipino, China, India na visiwa vya Karibi. Waafrika nao, baada ya muda, wakaanza kuwaita jamaa zao. Sura za waombaji zilipobadilika, sauti za kutaka udhamini wenye meno zikaongezeka.

Mwaka 1996

Mwaka 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria mbili zilizokwenda pamoja. Ya kwanza, ya Agosti 22, ilipunguza misaada ya ustawi wa jamii na kuwanyima wahamiaji wengi halali haki ya kuipata. Ya pili, ya Septemba 30, ilikaza masharti ya uhamiaji kwa jumla. Katika mjadala wake, Baraza la Wawakilishi lilitaka mdhamini awe na kipato cha asilimia 200 ya mstari wa umaskini, na Seneti ikapendekeza asilimia 125. Mwishowe ilipita asilimia 125, ila askari walio kazini wanaowaita mwenzi au mtoto hutakiwa asilimia 100 tu.

Tangu Desemba 19, 1997, hati ya udhamini ikawa mkataba kamili. Mgeni mwenyewe anaweza kumshitaki mdhamini wake asipomkimu, na ofisi ya umma iliyotoa msaada unaohusika inaweza kumdai fedha zake. Wajibu huo humalizika mgeni anapopata uraia, anapohesabiwa robo mwaka 40 za kazi, anapoondoka nchini moja kwa moja na kuacha ukaazi wake, au mmoja wao anapofariki. Talaka haimo katika orodha hiyo.

Tulinganishe sasa na mwaka 1824. Mwenye meli, na baada yake shirika la ndege na mwajiri, wamekwisha kutoka kwenye mzani. Aliyebaki ni mke anayemwita mume, au mwana anayemwita mama. Gharama ya ustawi ambayo taifa lilikuwa likiibeba, walau kwa sehemu, imehamishiwa chumbani.

Mstari uliochorwa jikoni

Asilimia 125 ya nini? Hapa yafaa tumtaje Mollie Orshansky, mchumi wa Idara ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, ambaye kazi yake ya miaka ya 1963 hadi 1965 ndiyo iliyozaa mstari wa umaskini wa nchi ile. Njia yake ilikuwa rahisi kueleweka. Wizara ya Kilimo ilikuwa na mpango wa chakula cha gharama ndogo kwa familia yenye upungufu wa fedha. Utafiti wa mwaka 1955 ulionyesha kwamba familia, kwa wastani, zilitumia kama theluthi moja ya kipato kwa chakula. Orshansky alichukua gharama ya chakula akaizidisha mara tatu. Alitofautisha familia kwa ukubwa, kwa idadi ya watoto, na hata kwa kuishi shambani au mjini. Nia yake ilikuwa kupima ni kipato gani hakitoshi. Hakudai kwamba kinachozidi hapo kinatosha.

Serikali ilikipokea kipimo hicho mwaka 1965 kwa ajili ya vita vyake dhidi ya umaskini, na tangu hapo kimekuwa kikipandishwa kufuatana na bei za bidhaa. Wizara ya Afya na Huduma za Jamii hutangaza kila mwaka toleo lililorahisishwa, na hilo ndilo maofisa wa uhamiaji hulitumia. Kwa mwaka 2024, katika majimbo 48 ya bara, mstari ulikuwa dola 15,060 kwa mtu mmoja, na kila mtu aliyeongezeka aliongeza dola 5,380. Alaska na Hawaii zina viwango vya juu zaidi.

Kwa hiyo chombo kilichobuniwa ili kuwatambua wanaohitaji msaada kiligeuzwa kuwa kizingiti cha kuwazuia watu wasiungane na jamaa zao. Athari zake huonekana kwa hesabu ndogo. Mshahara wa chini wa serikali kuu umesimama kwenye dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki 52 bila likizo, hupata dola 15,080. Kwa kaya ya watu wawili mwaka 2024, asilimia 125 ilikuwa dola 25,550. Mfanyakazi huyo, mtu anayejitegemea na asiyeomba chochote, hawezi kumwita hata mwenzi wake kwa mshahara wake pekee.

Kanuni za kuhesabu

Tuje sasa kwenye hesabu yenyewe. Mdhamini hujihesabu yeye mwenyewe kwanza. Humwongeza mwenzi wake, na watoto wake wote wasio na ndoa walio chini ya miaka 21, hata kama hawaishi naye. Huongeza wengine wote aliowaandika kuwa wategemezi katika ritani yake ya mwisho ya kodi. Huongeza kila mtu aliyewahi kumdhamini kwa fomu hii ambaye wajibu juu yake haujaisha. Kisha huwaongeza wanaoombewa sasa, yaani mwombaji mkuu na watu wa familia yake wanaofuatana naye au watakaomfuata ndani ya miezi sita. Mtu mmoja huhesabiwa mara moja tu, hata kama anaangukia mafungu mawili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja, mkaazi wa kudumu, ni muuguzi msaidizi Minnesota na anaishi na mtoto wake mdogo. Mumewe na watoto wao wengine wawili wako Mombasa. Miaka miwili iliyopita alikubali kuwa mdhamini mwenza wa mke wa binamu yake, kwa kuwa kipato cha binamu hakikutosha, na sheria humruhusu mtu asiye jamaa wa mwombaji kutoa udhamini huo. Sasa anamwita mumewe na watoto. Yeye ni wa kwanza, mtoto aliye naye wa pili, mke wa binamu wa tatu, mume wa nne, watoto wa Mombasa wa tano na wa sita. Kwa viwango vya 2024 alihitaji dola 52,450. Mshahara wa mumewe wa Mombasa haumsaidii, kwa kuwa kipato cha mwombaji huhesabiwa pale tu kitakapoendelea kutoka chanzo kilekile baada ya kuhamia. Mke wa binamu angekuwa amekwisha kupata uraia, kiwango kingeshuka hadi dola 45,725. Wema wa miaka miwili iliyopita una bei yake: dola 6,725 za kipato cha kila mwaka.

Mwenye upungufu ana njia tatu. Anaweza kuonyesha mali inayofikia mara tano ya pengo lililopo, au mara tatu kama raia anamwita mwenzi wake au mwanawe aliyetimiza miaka 18. Anaweza kutafuta mdhamini mwenza, ambaye naye hupimwa kwa kaya yake mwenyewe pamoja na wageni wanaoongezwa. Au anaweza kuunganisha kipato cha jamaa anayeishi naye, jamaa huyo akitia saini fomu yake kwamba naye anajifunga.

Katika njia hii ya tatu, kanuni zenyewe zimebadilika. Zile za muda za Oktoba 1997 zilimtaka mdhamini awahesabu jamaa wote wa damu, wa ndoa au wa kuasiliwa wanaoishi naye nyumba moja, wamtegemee wasimtegemee. Kanuni za mwisho za mwaka 2006 zililegeza: ndugu au mzazi anayejitegemea haingii katika hesabu ila kipato chake kinapotumika. Sharti la kuwa wameishi pamoja miezi sita nalo likaondolewa. Nyumba zilezile, zenye watu walewale, zilibadilika ukubwa kwa tangazo la serikali.

Chungu na fomu

Katika sensa zetu, kaya hutambuliwa kwa watu kuishi pamoja na kula pamoja. Anayekula chungu kimoja nasi ni wetu, na asiyekula ana kaya yake. Lugha yetu ina maneno mengine kwa mizunguko mingine: nyumba, jamaa, ukoo. Fomu ya Marekani haifuati chungu. Hufuata vitu vitatu: uzazi na ndoa kama sheria inavyovieleza, ritani ya kodi, na saini.

Tazama matokeo. Mjomba anayeishi na mdhamini, anayelipa nusu ya kodi ya nyumba, hawezi kuunganisha kipato chake kama jamaa wa kaya, kwa kuwa kanuni huwatambua mwenzi, mzazi, mtoto, kaka na dada tu. Upande wa pili, mama aliye Mwanza, anayelishwa na kutibiwa kwa fedha zinazotumwa kila mwezi, hayumo katika idadi. Sheria ya kodi haimruhusu mtu kumwandika mzazi mgeni anayeishi Afrika Mashariki kuwa mtegemezi wake. Kwa hesabu ya fomu, dola zinazokwenda Mwanza hazikutoka. Katika hili wahamiaji wengine hunufaika, maana wangehesabiwa wote wanaowategemea nyumbani, wachache mno wangefaulu. Kanuni ya mzigo kwa umma iliyoanza kutumika Februari 2020 na kuachwa Machi 2021 ilielekea huko: ilipotazama kaya ya mwombaji mwenyewe, iliwajumuisha watu anaowapa walau nusu ya matunzo yao. Waliotunga kanuni hiyo waliuona undugu wetu vizuri kuliko watangulizi wao, na wakautumia kama ushahidi dhidi yetu.

Kuna kisa cha Nairobi kinachoonyesha mgongano huu kwa namna ya uchungu zaidi. Wakimbizi waliopokewa Marekani hawapitii Fomu I-864 wanapowafuatisha wenzi na watoto wao, jambo ambalo limewasaidia Wakongomani wengi wasemao Kiswahili. Lakini nao hulazimika kuthibitisha familia. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilianza Nairobi majaribio ya kupima vinasaba vya wakimbizi, wengi wao Wasomali na Waethiopia, waliokuwa wameombewa na jamaa chini ya mpango maalumu wa kuunganisha familia. Watu kama 3,000 walihusika. Familia ambazo uhusiano wote uliodaiwa ulithibitika hazikufika asilimia 20, wakiwekwa katika kundi la walioshindwa hata wale waliokataa kupimwa. Mpango ukasimamishwa mwaka huo, ukafunguliwa tena mwaka 2012 kwa masharti mapya, kipimo cha vinasaba kikiwa miongoni mwao.

Udanganyifu ulikuwapo, na si vema kuuficha: nafasi ya kuondoka kambini ni kitu chenye thamani, na vitu vya thamani huuzwa. Lakini katika nchi zilizopigana vita, mtoto wa dada aliyeuawa hulelewa na mama mdogo kama mwanawe wa kumzaa, na humwita mama bila kusita. Damu ilipopimwa, mtoto huyo alihesabiwa kuwa uongo. Maabara haikuwa na safu ya kuandika kwamba alinyonywa, alibebwa mgongoni na kuvushwa mpaka.

Kaya baada ya talaka

Swali la ukubwa wa kaya humfuata mdhamini hata baada ya ndoa kuvunjika. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba iliamua kwamba mtalaka aliyedhaminiwa hanyimwi haki yake kwa sababu hakutafuta kazi kwa bidii. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ilipokea shauri la mwanamke aliyeachwa akaenda kuishi na mwanawe mtu mzima. Mahakama ya chini ilikuwa imesema kwamba kipato cha mwana kinamtosheleza mama, hivyo mume wa zamani hadaiwi. Mahakama ya rufaa ilikataa. Ilisema kipimo kiwe kaya ya mtu mmoja, yaani mgeni aliyedhaminiwa, na kwamba ukarimu wa mwana haumpunguzii mdhamini deni lake.

Hukumu hiyo ina mantiki ambayo mtu wa pwani ataielewa upesi: aliyeahidi ndiye adaiwe, na anayempokea ndugu yake asiadhibiwe kwa kumpokea. Inashangaza tu kwamba mantiki hiyo hutumika mlangoni pa kutokea. Mlangoni pa kuingilia, mama wa Minnesota aliyempokea mke wa binamu alitozwa wema wake.

Uingereza na hesabu yake

Ili tusidhani kwamba hili ni la Marekani peke yake, tutazame Uingereza kwa ufupi. Mwaka 2012 serikali iliweka kipato cha chini cha pauni 18,600 kwa anayemwita mwenzi, pauni 22,400 akiwa na mtoto mmoja asiye raia, na pauni 2,400 zaidi kwa kila mtoto anayeongezeka. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali kwamba kiwango chenyewe ni halali, lakini ikasema kanuni hazikuzingatia ipasavyo maslahi ya watoto. Aprili 2024 kiwango kilipandishwa hadi pauni 29,000 kwa waombaji wapya, na nyongeza ya watoto ikafutwa. Mwenye mtoto mmoja na mwenye watoto wanne sasa hupimwa kwa rula moja. Serikali moja huhesabu vichwa kwa uangalifu na nyingine imeacha kuvihesabu. Zote mbili huishia mahali pamoja, kwamba haki ya kuishi na mwenzi hupimwa kwa hati ya mshahara.

Tunachopaswa kujifunza

Hoja ya wanaotetea udhamini haipaswi kudharauliwa. Taifa lenye mfumo wa ustawi lina haki ya kuuliza nani atagharimia wageni, na mtu anayemwita jamaa yake anastahili kuchukua sehemu ya jukumu hilo. Pingamizi langu liko mahali pengine. Kwanza, kipimo kinachotumika kilikusudiwa kazi nyingine, nacho humzuia maskini anayejituma huku kikimpitisha mwenye mali asiye na mapenzi. Pili, kaya inayohesabiwa ni ya kutungwa: hutwaa wajibu wa ukoo mpana panapokuwa na deni, na hurudi kwenye familia finyu panapokuwa na kipato cha kusaidia. Ndugu akiwa gharama huonekana, na akiwa msaada hufichika.

Wanafunzi wa sheria na wa sayansi ya jamii wazisome fomu kama tunavyosoma katiba, maana raia wa kawaida hukutana na dola kwenye fomu mara nyingi zaidi kuliko kwenye katiba. Wanaharakati wanaowasaidia wahamiaji wawaeleze, kabla hawajatia saini kumdhamini mtu mwingine, kwamba saini hiyo itakaa katika hesabu yao kwa miaka, na kwamba talaka haiifuti. Nanyi watumishi wa umma mnaoandaa madodoso ya misaada, bima na mikopo hapa kwetu, jiulizeni mnapoandika neno kaya mnamtoa nani nje. Bibi anayelea wajukuu, mtoto wa marehemu kaka, mke wa pili aliye kijijini: kila mmoja wao anaweza kupata au kukosa haki kwa sentensi moja ya maelezo iliyoandikwa na mtu aliye ofisini, ambaye hatawaona kamwe.